Tasnifu kuhusu mradi wa karanga Nachingwea: mwalimu aanze na zana zipi za kidijitali?

Mwalimu wa Historia, Nachingwea

Ndugu walimu na wanajukwaa wote, salaam.

Ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Nachingwea, na wakati huohuo ninasoma shahada ya uzamili kwa njia ya masafa. Pendekezo langu la utafiti limekwishapitishwa. Ninaandika kuhusu vibarua wa mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza Kongwa mwaka 1947, ukafika Urambo na huku kwetu Nachingwea, kisha ukaachwa mwaka 1951, pamoja na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mada yenyewe ninaimudu, kwa kuwa nimekua nikiwasikia wazee wakisimulia habari za reli hiyo, na bado wapo wachache ambao walikuwa watoto wakati baba zao wakifanya kazi kwenye mradi. Kinachonitatiza ni vitendea kazi.

Nilivyo navyo ni kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu, na kompyuta mpakato ya zamani ambayo betri yake imechoka, kiasi kwamba umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo. Bando nanunua la wiki. Kuchapa ninajua, kwa maana ya kuchapa mitihani, maazimio ya kazi na barua, lakini msimamizi wangu anataka sura yenye marejeleo yaliyopangwa kwa programu na yaliyomo yanayojitengeneza yenyewe, na mambo hayo hakuna aliyewahi kunifundisha. Nikitafuta mtandaoni kwa maneno "historia ya mradi wa karanga Nachingwea" napata blogu zilizonakiliana aya kwa aya bila kutaja zimetoa wapi habari, pamoja na matangazo ya bei ya karanga. Makala chache za kitaaluma ninazoziona zinadai malipo ya dola kabla ya kufunguka.

Ninaomba kwa wenye uzoefu wanieleze mahali pa kutafuta vyanzo vya kuaminika kwa mtu mwenye bando dogo, namna ya kuvitunza ili nisije nikatafuta upya kitu nilichokwisha kukisoma, na namna ya kuandika sura ndefu bila kupotea ndani yake. Sihitaji orodha ndefu ya programu. Orodha za namna hiyo ninazo za kutosha kutoka kwenye semina, na hakuna hata moja inayomwambia mtu aanze na ipi.

Mkutubi, Mtwara

Mwalimu, hongera kwa hatua uliyofikia. Nitajibu suala la kutafuta peke yake, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku na ndipo ninapoona walimu wengi wenye mada nzuri wakikwama.

Kabla ya kulaumu bando, tazama maneno unayotafutia. Katalogi na hifadhi za nyaraka hutafuta herufi zilizoandikwa, na aliyeandika ripoti mwaka 1949 hakuandika "Mkoa wa Lindi", kwa sababu mkoa huo ulitengwa na Mtwara mwaka 1971. Aliandika "Southern Province", na nchi akaiita Tanganyika. Mradi aliuita "Groundnut Scheme", na mwendeshaji wake alikuwa Overseas Food Corporation, shirika la umma la Uingereza lililoupokea mradi mwaka 1948 kutoka kwa kampuni ya United Africa Company. Kwa hiyo, kabla hujawasha data, kaa na daftari uandike majina yote yaliyotumika wakati ule: ya shirika, ya jimbo, ya mawaziri, ya bandari na ya vituo vya reli. Dakika utakazotumia kwenye daftari zitakuokolea bando kuliko kifurushi chochote cha usiku. Kisha unapotafuta, yafunge kwa alama za mtajo maneno yanayokwenda pamoja. Ukiandika "Overseas Food Corporation" ndani ya alama hizo, ukaacha nafasi, ukaongeza Nachingwea, mashine itatafuta maneno hayo matatu yakiwa yamefuatana na kuziacha nje kurasa nyingi za bei ya karanga.

Sasa mahali pa kwanza pa kwenda, na wengi hushangaa ninapopataja: kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Uingereza, yaani Hansard. Za kuanzia mwaka 1803 hadi 2005 zimewekwa mtandaoni bure, na ni maandishi matupu, kwa hiyo kurasa zake ni nyepesi na zinafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Mradi wa karanga ulikuwa fedheha kubwa ya kisiasa kule. Mpango wa awali ulikuwa kufyeka zaidi ya eka milioni 3 ndani ya miaka 6, na wabunge wa upinzani walimwandama Waziri wa Chakula, John Strachey, kwa maswali kuhusu matrekta, mbegu, mishahara, bandari ya Mtwara na reli. Ukiandika Nachingwea peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia utaletewa maswali na majibu yenye tarehe kamili na jina la msemaji. Angalizo langu ni kwamba utakayoyasikia humo ni sauti ya watawala. Kibarua wa Kimwera hana kiti katika Bunge lile, na hapo ndipo simulizi za wazee wako zinapopata uzito.

Baada ya hapo nenda Google Scholar, huduma ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma. Watu wengi hubofya kichwa cha makala, wakakutana na ukuta wa malipo, wakarudi nyuma wakiwa wamekata tamaa. Tazama kwanza upande wa kulia wa tokeo, kwa sababu mara nyingi kuna kiungo cha faili la PDF lililowekwa na chuo au na mwandishi mwenyewe. Kama hakipo, shuka chini ya tokeo ubofye kiungo kinachoonyesha matoleo mengine ya makala hiyohiyo, kwa kuwa moja kati ya hayo huenda liko wazi. Hapohapo chini kuna kiungo kinachoorodhesha kazi za baadaye zilizoitaja makala uliyoipata. Hicho kitumie sana. Makala nzuri ya miaka ya 1970 itakufikisha kwa wote walioijadili tangu hapo, bila wewe kubahatisha maneno mapya.

Kwenye JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, unaweza kujiandikisha bure kama mtu binafsi na kusoma hadi makala 100 kwa mwezi kwenye kivinjari, ingawa hazipakuliki, hivyo soma ukiwa na kalamu mkononi. African Journals Online, iliyoko Afrika Kusini, inakusanya majarida ya bara letu, na makala zake nyingi zinafunguka bila malipo. Muulize pia mkutubi wa chuo unachosoma kama chuo kimejiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo. Wanafunzi wa masafa wana haki hiyo sawa na walioko kampasi, ila wengi hawaulizi nywila.

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, ina katalogi ya wazi, na mawasiliano ya kikoloni kuhusu Tanganyika yako chini ya alama CO 691. Majalada mengi hayajawekwa mtandaoni, lakini kujua kuwa jalada lipo, na lina namba gani, ni sehemu ya utafiti. Blogu ulizozitaja usizipuuze zote. Zitumie kupata jina au mwaka, kisha ukathibitishe kwingine.

Jambo la mwisho ni tarakimu. Utakuta vyanzo vingine vinasema mradi uligharimu pauni milioni 36 na vingine milioni 49. Kabla hujachagua moja, tazama kila kimoja kinahesabu nini. Hiyo ya milioni 36 kwa kawaida ni deni lililofutwa na Serikali ya Uingereza baada ya kutangaza kuuacha mradi Januari 1951, ilhali kubwa zaidi hutajwa kama jumla ya gharama. Ukinakili tarakimu bila maelezo yake, msimamizi atakuuliza na hutakuwa na la kujibu.

Mwalimu wa TEHAMA, Masasi

Ninaungana na mkutubi, nami nachukua sehemu ya kutunza na kuandika. Nimewasaidia walimu kadhaa waliokuwa wakimalizia shahada zao, na kwa ninavyoona, kinachowachelewesha si ugumu wa programu. Wanachelewa kwa sababu hawawezi kusema sentensi fulani katika sura ya pili ilitoka kwenye faili gani, ukurasa wa ngapi. Faili zisizo na majina ya maana ni kama magunia ya korosho ghalani yasiyo na stakabadhi: mali ipo, lakini huwezi kuthibitisha ni ya nani wala ilipokelewa lini.

Kwa hiyo anza na majina, leo hii, kabla ya kupakua chochote kingine. Unapopakua makala, simu huipa jina kama "document(3)" au msururu wa tarakimu. Libadilishe palepale liwe na mwaka, chanzo na mada, kwa mfano 1949_Hansard_reli_Mtwara. Mwaka ukitangulia, faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati, jambo linalomfaa sana mwalimu wa Historia. Usitumie majina kama "sura mpya", "sura mpya kabisa" na "sura ya mwisho sahihi". Weka tarehe.

Programu moja tu ndiyo nitakayokusihi ujifunze, nayo ni Zotero, ya kutunzia marejeleo. Ni ya bure, imekuwepo tangu mwaka 2006, na inafanya kazi ndani ya kompyuta yako bila mtandao baada ya kuiweka. Ukipata makala yenye namba ya utambulisho inayoanza na 10, yaani DOI, unaibandika namba hiyo kwenye Zotero ukiwa na mtandao, nayo inajaza jina la mwandishi, mwaka, jarida na kurasa. Kitabu kinaingizwa vivyo hivyo kwa namba yake ya ISBN. Kwa mahojiano na nyaraka za zamani utajaza mwenyewe, na usione taabu kufanya hivyo. Kila chanzo kinakuwa na kadi yake, na chini ya kadi unaandika maelezo yako: hoja, ukurasa, na maneno uliyoyanukuu kama yalivyo. Hapo nakuomba uwe na ukali kidogo. Maneno ya mwandishi yatie alama za mtajo, ya kwako yaache bila alama, kwa sababu baada ya miezi kadhaa hutakumbuka yapi ni ya nani, na wizi wa kitaaluma mwingi ninaoufahamu ulianzia kwenye daftari lililochanganya mambo hayo mawili.

Zotero ikishawekwa, inaongeza vitufe vyake ndani ya Word au LibreOffice. Unapoandika sentensi inayohitaji rejeleo, unabofya kitufe, unachagua kadi, na rejeleo linaingia. Ukimaliza sura unaiamuru itengeneze orodha ya marejeleo, na orodha itakuwa na vile tu ulivyovitaja. Chuo kikikwambia kimebadilisha mtindo wa marejeleo, unachagua mtindo mwingine na tasnifu nzima inabadilika. Akaunti ya bure inakupa nafasi ya megabaiti 300 mtandaoni, ambayo haitoshi kwa PDF nyingi, kwa hiyo zima upakiaji wa mafaili, uache kadi peke yake ndizo zipande. Kadi hazimalizi bando.

Kuhusu yaliyomo yanayojitengeneza, siri yake ni ndogo. Usikikoleze kichwa cha habari kwa kubofya B na kukuza herufi. Weka kielekezi kwenye kichwa hicho, nenda kwenye mitindo, uchague kichwa cha ngazi ya kwanza kwa jina la sura, cha ngazi ya pili kwa sehemu ya sura, na kuendelea. Ukifanya hivyo tangu ukurasa wa kwanza, programu itajua muundo wa tasnifu yako, itakutengenezea yaliyomo yenye namba za kurasa, na itakuonyesha pembeni ramani ya vichwa ambayo unaweza kuibofya ukaruka kutoka sura moja hadi nyingine. Hili ndilo litakalokuzuia kupotea. Wakati huohuo, ibadilishe lugha ya kusahihishia iwe Kiswahili, au zima kabisa usahihishaji wa moja kwa moja. Vinginevyo programu itadhani unaandika Kiingereza, itapiga mistari myekundu ukurasa mzima na mara nyingine itakubadilishia neno bila kukuuliza. LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure, ina kamusi ya Kiswahili ya kusahihishia tahajia. Si kamilifu, lakini inakamata makosa ya vidole.

Kishikwambi chako kitumie kusomea, kupigia picha nyaraka na kurekodia. Sura iandikie mahali pamoja tu. Kwa kuwa kompyuta yako inazimika umeme ukikatika, weka muda wa kujihifadhi yenyewe uwe dakika 2 badala ya 10, na ukimaliza kazi ya siku nakili folda kwenye flashi na nakala nyingine mtandaoni. Usitegemee mtandao peke yake. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na nchi nzima ikahangaika kupata intaneti, na ni mwezi huohuo ambao Kimbunga Hidaya kiliharibu barabara ya kusini kule Kilwa, hata kwenda Dar es Salaam kukawa shida. Aliyekuwa na faili zake ndani ya kompyuta aliendelea kuandika.

Flashi ya nakala usiipeleke steshenari. Kompyuta za steshenari nyingi zina virusi vinavyogeuza folda zote kuwa njia za mkato. Kwa kuchapisha tumia flashi nyingine yenye PDF tupu, ambayo pia haitaharibika mpangilio ikifunguliwa kwenye toleo tofauti la Word.

Mwalimu wa Historia, Nachingwea

Ninawashukuru sana. Suala la majina ya kizamani halikunijia kabisa, na jioni hii nimefungua Hansard kwenye kishikwambi na kukuta mbunge anauliza kuhusu Nachingwea kana kwamba ni kitongoji cha jimbo lake.

Yamebaki mambo mawili. Wazee nitakaowahoji wanachanganya Kiswahili na Kimwera, na kuandika rekodi ya saa nzima kwa mkono ni kazi ya siku kadhaa. Je, kuna zana ya kugeuza sauti kuwa maandishi? La pili, wenzangu hapa shuleni wanasema siku hizi akili unde inaandika sura nzima na kuweka marejeleo. Sina nia ya kuandikiwa, lakini ningependa kujua mpaka uko wapi.

Mkufunzi mstaafu, Lindi

Mwanangu, nimefundisha vyuo vya ualimu kwa miaka mingi, na mahojiano na wazee nimeyafanya tangu enzi za redio kaseti, kwa hiyo nitaanza na hilo.

Zana ipo, ila kwa Kiswahili. Ukifungua Google Docs, au kibodi ya Google kwenye simu, na kuchagua Kiswahili cha Tanzania, unaweza kuzungumza nayo ikaandika. Ninayoiona inafanya kazi vizuri ni njia hii: sikiliza rekodi kwa vipokea sauti vya masikioni, sentensi moja moja, kisha irudie wewe mwenyewe kwa sauti yako, taratibu, zana ikiandika. Ukiielekeza kwenye rekodi ya mzee aliyeketi barazani, kuku wanalia na wajukuu wanapita, itakuandikia maneno yasiyokuwemo. Kimwera haikijui kabisa. Sehemu hizo ziandike kwa mkono kama zilivyotamkwa, weka tafsiri chini yake, na pembeni andika dakika na sekunde ya rekodi, ili mtu mwingine akitaka kuhakiki tafsiri yako aende moja kwa moja pale. Usizirukie kwa kuandika muhtasari wa Kiswahili. Mzee akiacha Kiswahili katikati ya habari ya msimamizi wa kambi akahamia Kimwera, kuna sababu, na sababu hiyo ndiyo utafiti wako.

Kabla ya kuanza, weka simu katika hali ya ndege ili isiite, kisha ndani ya rekodi yenyewe taja tarehe, mahali, na umuulize mzee kama anakubali kurekodiwa na kama jina lake litajwe. Jibu lake lisikike. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwa maoni yangu haifai kupakia sauti ya mzee kwenye huduma yoyote ya bure ya kigeni ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo hujui itaihifadhi wapi na kuitumia kwa nini. Mzee alikuruhusu wewe, hakuruhusu kampuni.

Kuhusu akili unde, msimamo wangu ni mkali. Isiiguse sura yako. Mashine hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na ukiziomba marejeleo zinaweza kukutungia jina la mwandishi, jina la jarida, mwaka na kurasa, vyote vikionekana vya kweli kabisa, na makala yenyewe haipo duniani. Mwaka 2023 mahakama mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazijawahi kutokea, zilizotungwa na programu ya aina hiyo. Hao walikuwa mawakili, katika nchi ambayo kesi nyingi zimo kwenye kompyuta. Sasa wewe unaandika kuhusu Nachingwea, mahali ambapo maandishi ni machache mtandaoni, na pasipo na maandishi ya kutosha ndipo mashine inapozidi kutunga. Ukiiuliza vibarua wa Kimwera walikula nini kambini itakujibu kwa ufasaha, na hutakuwa na namna ya kujua imetoa wapi.

Mkutubi, Mtwara

Shikamoo Mzee. Kwa marejeleo ninakubaliana nawe moja kwa moja, na kipimo ninachowapa wasomaji wangu ni kwamba chanzo ambacho hujakifungua kwa macho yako hakiingii kwenye Zotero, hata kama kimetajwa na profesa. Lakini kuifungia nje kabisa nadhani ni kumnyima mwalimu msaada. Mwalimu anaweza kuiuliza ni istilahi zipi za Kiingereza zilizotumika miaka ya 1940 kwa vibarua wa kandarasi, kambi na posho ya chakula, kisha akayajaribu maneno hayo kwenye Hansard. Neno likiwa baya, utafutaji utarudi mtupu na hakuna madhara. Anaweza pia kuibandikia aya aliyoiandika mwenyewe na kuiuliza ni sentensi ipi haieleweki. Katika hali zote hizo mashine haileti habari yoyote inayoingia kwenye tasnifu.

Ongezeko dogo: chuo kikipitisha kazi yako kwenye Turnitin, programu ya kulinganisha maandishi, asilimia itakayotoka ni ya maandishi yanayofanana na mengine, si hukumu ya wizi. Nukuu ndefu na orodha ya marejeleo huipandisha. Omba ripoti nzima uisome, usikubali kuambiwa tarakimu peke yake.

Mkufunzi mstaafu, Lindi

Marahaba. Kwa istilahi sawa, sina ubishi. Hiyo ya kuibandikia aya bado naiona ni mlango. Leo itakuonyesha sentensi isiyoeleweka, kesho utaiambia iinyooshe, na keshokutwa msimamizi atashindwa kuitambua kalamu yako. Aya mpe mwalimu mwenzako wa Kiswahili aisome. Wapo, na hawatoi bando.

Mwalimu wa Historia, Nachingwea

Shikamoo Mzee, na asante. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo aya nitabadilishana na mwenzangu wa idara. Istilahi za kambi nitazitafuta kama mkutubi alivyoeleza.

Zotero nimekwishaiweka kwenye kompyuta na nimeanza kuingiza kadi za Hansard, lakini nimekwama mahali padogo. Kurasa za mtandaoni hazina namba ya ukurasa. Nirejelee nini?

Mkutubi, Mtwara

Hansard hairejelewi kwa ukurasa, hurejelewa kwa safu. Ukifungua mjadala, juu kabisa utaona jina la Bunge husika, tarehe, juzuu, kisha herufi c au cc ikifuatwa na tarakimu. Hiyo ndiyo namba ya safu, na cc maana yake ni safu zaidi ya moja. Ndani ya maandishi, namba za safu hujitokeza pembeni kila safu mpya inapoanza, kwa hiyo panda juu kutoka kwenye sentensi unayoinukuu hadi namba ya kwanza utakayokutana nayo, hiyo ndiyo yake. Kwenye Zotero chagua aina ya chanzo iitwayo Hearing, jaza tarehe, juzuu iandike kwenye kisanduku cha Extra, na safu iandike unapoingiza rejeleo kwenye sura, ukibadilisha kisanduku kinachosema ukurasa kisome safu. Zingatia kama ni Bunge la Makabwela (House of Commons) au la Malodi (House of Lords), kwa kuwa kila moja lina juzuu zake na namba zinaweza kugongana.